Viazi vyangu vina matundu

Shikamoo Bibi. Niko Konde, Pemba. Mwezi wa Mei nilipanda viazi vitamu, matuta 40. Juzi nimechimba matuta 10: viazi vikubwa vina matundu, vinanuka na ni vichungu. Vilivyobaki ningoje mvua za vuli vinenepe?

Marahaba, mwanangu. Usingoje, chimba vyote wiki hii. Huyo ni fukusi, mdudu mdogo anayetoboa viazi. Hawezi kuchimba udongo, hupita kwenye nyufa za tuta, na kiangazi nyufa ni nyingi. Mimi nilipoteza nusu ya shamba kwa kungoja vinenepe, na bado naumia nikikumbuka.

Vilivyotobolewa usimpikie mtu. Uchungu ule hautoki kwa kuchemsha. Viondoe pamoja na marando makongwe, yaani mashina ya viazi yanayotambaa, uvifukie chini sana. Vizima usivioshe. Viweke kivulini penye joto kwa siku 5 hadi 7, michubuko ijifunge.

Mbegu kata ncha za marando, si shina la chini, maana fukusi hutaga humo. Msimu ujao panda mbali na hapo, na viazi vikianza kutuna pita na jembe kila wiki, ufa ukiuona uufukie siku hiyohiyo.