Ukipitia Addis Ababa, toka nje, ila chunga saa

Juzi dada mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, kaniandikia: "Kaka, nakwenda Dubai kufuata mzigo, tiketi yangu inapitia Addis Ababa, nitakaa saa tisa nzima kusubiri ndege ya pili. Nitoke au nitulie palepale uwanjani?" Toka, dada yangu. Ila nisikilize kwanza, maana mimi nilianza kwa kutoka vibaya.

Safari yangu ya kwanza nilitua asubuhi na shati la mikono mifupi, kama naenda Raskazone kupunga upepo. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Nilipiga meno, na ngazi kumi tu zikanitoa pumzi. Nikapata teksi, dereva kijana mpole, akanipeleka Makumbusho ya Taifa kumwona yule bibi wanayemwita Dinkinesh, dunia inamjua kwa jina la Lucy. Mifupa yake iliokotwa Hadar, hukohuko Ethiopia, mwaka 1974, ina miaka kama milioni 3.2. Inayowekwa kwenye kabati la kioo ni nakala, na ni kadogo, mtoto wa darasa la tatu anakapita. (Nyayo zetu za Laetoli, pale Ngorongoro, zina miaka milioni 3.6. Nililisema hilo kwa sauti mle ndani. Hakuna aliyeniuliza.)

Sasa kosa. Nilitaka dereva anifuate saa nane mchana, ndege yangu ni saa kumi na nusu. Lakini kuna mtu hapa Ngamiani alishaniusia: ukivuka mpaka, zungumza saa za kizungu. Basi nikamwambia "two", nikamwinulia na vidole viwili. Akatikisa kichwa, akaondoka. Na begi langu nimeliacha kwenye buti, ujinga wa pili.

Saa nane ikafika, hayupo. Saa tisa, hayupo. Nimekaa kwenye ngazi za makumbusho nimejikunyata, pasipoti nimeibana kifuani. Mlinzi akanihurumia, akapiga ile namba niliyoandikiwa kwenye karatasi. Wakaongea, mlinzi akacheka, akanionyesha saa yake ya mkononi: dereva anasema bado mapema, umemwambia saa mbili usiku.

Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi! Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, ikifuata ni moja, mbili, tatu, vilevile kama Makorora. Watu wawili wenye saa ileile tumepotezana kwa sababu mmoja alijifanya Mzungu. Ningeinua vidole vinane, mambo yangeisha. Nilifika uwanjani mlango wa ndege umeshafungwa. Nikalipa faini ya kubadilisha tiketi, nikalala kwenye viti. Niliporudi Tanga nikasimulia barazani, na shemeji yangu mmoja mpaka leo ananiita Saa Mbili. Mbele ya wateja.

Mwezi uliopita nikapita tena, nikasema leo ndiyo leo. Koti. Begi mgongoni. Kwa dereva nikainua vidole vinane, naye akaniinulia vinane. Akanizungusha nje ya makao makuu ya Umoja wa Afrika, ambako sanamu ya Mwalimu Nyerere ilizinduliwa Februari 2024. Sikuingia, pale haingii kila mpita njia, lakini nilishusha kioo nikasimamisha moyo kidogo. Kisha tukakaa kwenye kahawa. Mama anakaanga buni mbele yako, moshi unakuja puani, na badala ya kashata unaletewa bisi. Vikombe ni vitatu, na cha tatu wanakiita bereka, yaani baraka. Huondoki bila cha tatu. Nami sikuondoka, na uwanjani nilifika mapema nikachoka kusubiri.

Kwa hiyo, dada: suala la viza mwulize aliyekukatia tiketi kabla hujapanda basi Kange, usiende kubahatisha dirishani. Hakikisha mzigo mkubwa umepitilizwa mpaka Dubai. Badilisha fedha kidogo tu, birr ukiibakisha inakuganda mkononi. Chagua sehemu mbili, tatu ni tamaa. Rudi mapema. Nasema tena, rudi mapema. Na kwenye saa usione haya kuwa Mswahili. Tumezoea kudhani kila cha kwetu kikifika nje hakifai, ndiyo maana tunaachwa na ndege. Kalenda yao ndiyo iko nyuma miaka saba au minane, na ina miezi 13, ila hiyo haitakukosesha safari.

Wakati wa kurudi ukipata nafasi, nifungie buni nusu kilo. Nilizoleta mwezi uliopita zimeisha, na aliyezimaliza ni yuleyule anayeniita Saa Mbili.