Tumechoka na fulana, tunataka majibu

Ndugu yangu, unauliza kwa nini sisi wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, tunakilalamikia chama tulichokipigia kura wenyewe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Sawa, dagaa walikuwa wamepungua kweli. Lakini mama anayeishi kwa kichanja cha kuanikia dagaa alishe nini watoto miezi yote hiyo? Kampeni zilipokuja watu wa chama wakagawa kofia na fulana, muziki ukapigwa saa nzima. Dada yangu alinyoosha mkono aulize habari ya ziwa, wakafungulia spika. Inauma, maana chama ni chetu. Mgombea aje asubuhi mialoni, bila spika, atusikilize.