Maswali ya Wasomaji: Je, Tairi Pana Ndiyo Dawa ya Utelezi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Tukuyu, wilayani Rungwe, na pikipiki yangu hupita barabara za udongo karibu kila siku. Mvua zikikolea huteleza vibaya sana. Fundi wangu anasisitiza kwamba nikifunga tairi pana zaidi utelezi utakwisha, lakini mwanangu wa sekondari amenionyesha daftari lake la fizikia, ambamo imeandikwa kwamba msuguano hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Nimsikilize nani?

JIBU: Daftari la mwanao ni sahihi kwa vitu vigumu na vikavu; kanuni hiyo ilielezwa na Guillaume Amontons wa Ufaransa mwaka 1699. Uso wa chuma au wa ubao, hata uliopigwa msasa vizuri, una vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vitu viwili vinapokutana hugusana kwenye ncha za vinundu hivyo tu. Ukilaza tofali kwa ubavu wake mpana, ncha zinazogusana huwa zimetawanyika na kila mahali hukandamizwa kidogo. Ukilisimamisha, eneo hupungua lakini mkandamizo huongezeka, kiasi kwamba mguso wa kweli hubaki karibu uleule. Ndiyo maana msuguano huamuliwa na uzito na aina ya vitu, si na upana.

Mpira, hata hivyo, ni laini. Hubonyea na kuingia katika mashimo madogo ya lami, na hauifuati kanuni hiyo kikamilifu, hivyo fundi wako ana hoja kidogo: kwenye lami kavu tairi pana hushika vizuri zaidi kwa kiasi fulani. Hapo kani ya msuguano huweza kufikia asilimia 70 au 80 ya uzito uliolalia tairi, na lami ikilowa huweza kushuka hadi karibu nusu ya uzito huo.

Lakini wewe hukuuliza habari za lami. Katika udongo wa Rungwe, ambako Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, tairi haligusi kitu kigumu hata kidogo. Kati yake na ardhi imara kuna utando wa tope, na kinachoteleza ni tope juu ya tope, kazi ileile ambayo grisi huifanya ndani ya beringi kwa makusudi. Tairi pana lisilo na meno ya kutosha huelea juu ya utando huo badala ya kuukata, kwa hiyo ushauri wa fundi unaweza kukuongezea tatizo. Tafuta tairi lenye meno marefu yaliyoachana, ili yazame hadi kwenye udongo mgumu na tope lipate nafasi ya kudondoka gurudumu linapozunguka. Tairi la kipara, liwe pana au jembamba, lisipande barabara hiyo.

SWALI: Kwa nini malori hushuka Mlima Kitonga polepole kwa gia ndogo, ilhali breki zake ni nzima? – Msomaji, Iringa.

JIBU: Kwa sababu breki hugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lazima lipate pa kwenda. Lori la tani 40 likishuka mita 100 tu za kimo huachia nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji. Breki zikiachiwa mzigo huo wote, lainingi, yaani vitambaa vya breki vinavyosuguana na ngoma za magurudumu, hupata moto kupita kiasi, msuguano wake hupungua, na dereva hukanyaga bila lori kushika. Gia ndogo huifanya injini ibebe sehemu kubwa ya kazi hiyo. Harufu ya kuungua ikishatoka, dereva na aegeshe mahali salama, aweke vizuizi kwenye magurudumu, kisha asubiri breki zipoe zenyewe. Kuzimwagia maji kunaweza kuzipasua ngoma hizo za breki.