Margaret aliyerudi kutoka wafu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza watu wa Bergen, huko Norwei, walikuwaje wakamwamini yule mwanamke aliyeteremka kwenye meli ya Lübeck, mji wa Ujerumani, mwaka 1300 akadai yeye ni Margaret, binti wa Mfalme Eirik wa Norwei. Margaret angekuwa na miaka 17 tu. Huyu ana mume, na nywele zimeanza mvi.

Mimi naanzia kwa mtoto mwenyewe. Babu yake mzaa mama, Mfalme Alexander wa Tatu wa Uskoti, alifariki mwaka 1286, kiti kikabaki kwa kitoto cha kike kisicho na mama. Wakubwa wakapatana: aolewe na mwana wa Edward wa Kwanza wa Uingereza. Mwaka 1290, akiwa na miaka saba, akapakiwa melini. Hakufika. Alifia visiwa vya Orkney, mwili ukarudishwa Bergen, baba yake akafungua jeneza akamtazama mwenyewe, kisha akamzika kanisa kuu, kando ya mama yake.

Sasa angalia. Eirik alifariki mwaka 1299 bila mtoto wa kiume, nduguye Haakon akashika ufalme. Shahidi ambaye neno lake lingemaliza ubishi akawa hayupo. Raia wao waliona mtoto akiondoka, kisha sanduku likirudi. Na mwanamke huyu hakusema amefufuka. Alisema aliuzwa na Ingebjørg Erlingsdatter, bibi wa ukoo mkubwa. Mwanangu, mtu aliyeona binti wa miaka saba akipelekwa ng'ambo kwa mapatano ya wafalme, habari ya kwamba aliuzwa ingemshangazaje? Uongo ule uliegemea jambo la kweli, na mimi kama mzazi naona uchungu wao ndio uliosadiki, mvi hawakuzijali.

Haakon akaamua kwa moto. Mwaka 1301 mume alikatwa kichwa, mwanamke akachomwa Nordnes, hapo hapo Bergen. Hapo ndipo Haakon alipoharibu kabisa, maana watu walianza kwenda pale kumwomba kama mtakatifu, kikanisa kikajengwa karibu, hata mwaka 1320 Askofu Audfinn akalazimika kupiga marufuku ibada hiyo.

Wewe umeandika kwamba walikuwa wajinga. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Soma tena habari za safari ile ya 1290, kisha nipigie Jumapili tuzungumze.

Mama yako