Kwa nini kifo cha mhusika wa tamthilia kinauma kama cha mtu tunayemjua?

SWALI: Habari mtaalamu. Nimemaliza tamthilia ndefu ya misimu mitano, na mhusika niliyempenda kuliko wote ameuawa katika sehemu ya mwisho. Nililia usiku ule, na sasa wiki mbili zimepita bado nikimkumbuka koo linanikaba. Mume wangu ananicheka, anasema namlilia mtu ambaye hajawahi kuwepo. Najua hayupo, na mwigizaji wake ni mzima wa afya. Akili inajua, moyo umekataa. Hii inatokeaje? Ni upweke, au ni ugonjwa?

JIBU: Dada, tuanze na hoja ya mumeo, maana hapo ndipo wengi hukwama. Anachukulia kwamba hisia husubiri akili ithibitishe kwanza kuwa jambo ni la kweli, ndipo ziamke. Hazifanyi hivyo. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake nchini Marekani walimimina sukari ya kawaida kwenye chupa mbili mbele ya watu, kisha wakawaambia watu haohao wabandike lebo wenyewe: moja ya sukari, nyingine ya sayanaidi, sumu kali. Kila mmoja alikuwa ameona kilichomo, na lebo alibandika kwa mkono wake. Hata hivyo, ilipofika zamu ya kunywa maji yaliyokorogwa kwa sukari ya chupa hizo, walisita kwa ile yenye jina la sumu. Hawakuwa wamedanganyika. Mwili uliitikia alama iliyokuwa mbele ya macho, na kujua kwamba alama ni ya uongo hakukutosha kuutuliza.

Machozi yako yalipita njia hiyohiyo. Midomo inayotetemeka, sauti inayokatika, mkono unaolegea: hizo ni alama tunazoziitikia kabla hatujapata nafasi ya kujikumbusha kuwa huyu analipwa kuigiza. Mwanafalsafa Colin Radford aliandika mwaka 1975 kwamba kumhuzunikia mtu wa kubuni ni kujipinga kimantiki. Labda ni kweli, ila koo halikabwi na mantiki.

Alama peke yake, lakini, hazielezi wiki mbili. Katika misimu mitano wamekufa wengi, na wengi wao hukuwalilia. Kwa nini huyu?

Jibu langu ni kwamba akili hutumia malighafi ileile kumjenga mtu ndani yetu, awe jirani au mhusika, na haihitaji nyingi. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel walionyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili, kubwa na ndogo, pamoja na duara, zikizunguka kwenye kisanduku chenye mlango unaofunguka na kufungwa. Kundi la kwanza lilikuwa na watu 34, wakaombwa tu waeleze walichokiona. Mmoja peke yake ndiye aliyeeleza maumbo yanayosogea. Wengine waliona viumbe wenye nia: mwonevu, anayeonewa, anayekimbia. Ikiwa pembetatu isiyo na macho inapewa nia mbaya, mtu mwenye uso, jina na utoto wa taabu atapewa nini?

Halafu kuna saa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, alikadiria kwamba watu wanaofahamiana huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, takriban 90 ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya 200 ili wawe wa karibu. Hukutaja idadi ya sehemu, basi tuchukue misimu mitano ya sehemu 20, kila sehemu dakika 45. Hizo ni dakika 4,500, yaani saa 75. Saa za Hall ni za watu wanaojibizana, kwa hiyo hatuwezi kuzipima kwa mizani moja na zako. Lakini ziweke kando ya saa ulizokaa mwaka huu na binamu zako, utaona ukubwa wake.

Na saa hizo ni nzito kuliko saa za kawaida, jambo ambalo watazamaji huwa hawalitambui. Katika maisha, uso wa mtu mwingine ukikujaa machoni kiasi cha kuona kope moja moja, huyo ni mtoto wako, mwenzi wako, au mgonjwa unayemuuguza. Kamera inakuweka umbali huo na mhusika kila baada ya dakika chache. Chukua onyesho lolote lililokugusa, ulitazame tena bila sauti. Habari mbaya inafika, aliyeileta anaondoka, na picha inabaki kwenye uso wa mhusika kwa sekunde nne, tano, bila mtu kusema neno. Katika ukimya huo anayemalizia anachowaza mhusika ni wewe. Unakisia, na onyesho linalofuata linakuthibitishia kuwa ulikisia sawa. Ukishafanya hivyo mara mia mbili, unamjua mtu.

Tena unamwona akiwa peke yake. Analia bafuni, ananawa uso, anatoka akitabasamu, na wenzake wote mezani hawajui. Unajua wewe tu. Siri ya namna hiyo kwa kawaida mtu huambiwa baada ya kuaminiwa kwa miaka; hapa umepewa bure. Riwaya inakwenda mbali zaidi, kwa sababu msimulizi hukusomea mawazo yenyewe, kitu ambacho hata kwa ndugu wa tumbo moja hakiwezekani. Na mhusika hawezi kukuchoka, kukusaliti wala kukukopa.

Hapa ndipo linapoingia swali ambalo hukuuliza lakini wengi huuliza: mbona tunawapenda hata waovu? Mtafiti Dolf Zillmann alieleza kwamba mtazamaji ni hakimu asiyepumzika: anayemwona mwema humtakia heri, anayemwona mbaya humtakia shari. Ni sahihi, ila hukumu hiyo hutegemea sana mpangilio wa habari. Mwandishi akituonyesha kwanza mtu akidhulumiwa, kisha akiua, tunatafuta udhuru. Akigeuza mpangilio, matendo yakiwa yaleyale, tunataka akamatwe. Ndiyo maana majambazi wa kwenye tamthilia mara nyingi wana mama mgonjwa au binti mdogo, na huyo utamwona mapema, si mwishoni.

Kuhusu upweke: watafiti Donald Horton na Richard Wohl, waliouelezea mwaka 1956 uhusiano huu wa upande mmoja, ambapo mtazamaji anamjua mtu asiyemjua yeye, wakiwatazama hasa watangazaji wa redio na televisheni, waliona kuwa ni jambo la kawaida la watazamaji wa kawaida, ingawa walikubali kwamba kwa waliotengwa unaweza kuwa na uzito wa pekee. Dhana kwamba ni ugonjwa wa wapweke iliendelea kusemwa, lakini watafiti Rubin, Perse na Powell walipoipima mwaka 1985 hawakupata uhusiano kati ya upweke na ukaribu wa mtazamaji na mtu wa kwenye skrini. Kwa hiyo machozi yako hayasemi lolote kuhusu ndoa yako. Mwambie mumeo.

Sasa maumivu yenyewe. Jonathan Cohen, mtafiti wa Israeli, alichapisha mwaka 2004 majibu ya watu walioulizwa wangejisikiaje iwapo mhusika wanayempenda angeondolewa. Majibu yalifanana na ya watu wanaovunja uhusiano. Yalikuwa makali zaidi kwa waliokuwa karibu sana na mhusika, na kwa watu ambao hata katika mapenzi huishi na hofu ya kuachwa. Mimi naongeza kwamba mara nyingi hupotea vitu vitatu kwa mpigo: mtu, saa yake (kama ulizoea kutazama saa tatu usiku, saa tatu inafika na hakuna kitu), na mazungumzo na wengine waliokuwa wakifuatilia. Huzuni hii pia haina wa kukupa pole. Ukicheka nayo wanacheka nawe, ukilia wanacheka zaidi, basi unaificha, na inakaa.

La kufanya si gumu. Usirudie onyesho la kifo. Ukilitazama usiku baada ya usiku unauzoesha mwili kuamka upya, hauuzoeshi kutulia. Vipande vifupi vinavyozunguka mitandaoni ni vibaya zaidi, kwa sababu hukukuta hujajiandaa, kwa hiyo ficha jina la mhusika kwenye mipangilio ya akaunti zako kwa majuma kadhaa. Ukimkumbuka sana, tazama sehemu moja ya katikati, ya msimu wa pili kwa mfano, akiwa mzima na mwenye furaha, kisha uzime. Saa yake usiiache wazi: ijaze kwa kitu kinachohusisha mtu mwingine, hata simu ya dakika 20. Watu wengi hukimbilia tamthilia mpya usiku uleule, na hapo hukosea, kwa kuwa kila mhusika mpya anaonekana baridi na mtu anahitimisha kwamba hakuna tena kizuri cha kutazama. Subiri hadi utakapojikuta unatamani kujua hadithi ya mtu mwingine. Na umtafute angalau mtu mmoja aliyeitazama, mzungumze mpaka mwisho, pamoja na kumlaumu mwandishi. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes na wasomaji wakamjia juu. Miaka kumi baadaye alimrudisha akiwa hai. Wewe usilitegemee hilo.

Kipimo cha kukutia wasiwasi si wingi wa machozi. Koo kukabwa kwa dakika chache kisha ukaendelea na kazi, hata katika wiki ya tatu au ya nne, ni kawaida. Lakini kama unajisikia mzito sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na hata mambo mengine uliyoyapenda hayana ladha, usingizi umeharibika au kazi imelala, hapo tunazungumzia dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na tamthilia ilikuwa kichocheo tu. Nenda ukaonane na daktari au mshauri nasaha. Kuna pia hali ya tatu, na hiyo naiona inasahaulika: mhusika anakufa kwa namna inayofanana na kifo cha mtu wako wa kweli, aliyezikwa zamani wakati hukupata nafasi ya kulia. Jiulize kama picha inayokujia koo linapokaba ni ya mhusika tu, au kuna sura nyingine nyuma yake. Ikiwa ipo, mtaje mtu huyo kwa jina katika dakika za kwanza za mazungumzo na mshauri, kabla hujaanza kumsimulia tamthilia.