Ukikutana na "discharge", weka kalamu chini kwanza

Wiki hii nimepitia rasimu tatu za wafasiri wapya. Kwenye kipeperushi cha akina mama waliojifungua, mmoja kaandika: "Rudi kituoni ukiona ruhusa yenye harufu mbaya." Wadogo zangu, discharge ya hapo si ruhusa ya kutoka hospitali; ruhusa haina harufu! Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana neno hilohilo la Kiingereza, discharge, liliwahi kuniliza.

1. Anzeni na mzizi. Limetoka Kifaransa cha kale, descharger, yaani kupakua, na ndani yake mna carrus ya Kilatini, gari la magurudumu. Kwa hiyo daima kuna mzigo unatuliwa. Kazi yenu ni kujua mzigo gani na nani alikuwa kaubeba. Meli inashusha shehena. Betri inaisha chaji. Bunduki inafyatuka. Mto unamwaga maji, yanapimwa kwa mita za ujazo kwa sekunde. Benki inaondoa rehani. Ofisa anatekeleza wajibu.

2. Hospitali ndiko mnakoteleza zaidi. Mgonjwa karuhusiwa, kidonda kinatoa usaha au majimaji. Ukeni mmezoea "uchafu", lakini pale matini chanzi, yaani ile mnayoifasiri, inapoeleza hali ya kawaida andikeni "ute", msimtie hofu mwanamke mzima wa afya.

3. Mahakamani. Ilikuwa kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili lugha ya mahakama Tanzania. Hakimu anasema Kiingereza, mimi mkalimani nimesimama kando ya kizimba. Kijana alikuwa amekaa mahabusu zaidi ya mwaka. Asubuhi hiyo mwendesha mashtaka akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri, wakati huo chini ya kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Hakimu akatamka kwamba mshtakiwa ni discharged. Nikamgeukia kijana, nikasema kwa sauti iliyojaa furaha: "Umeachiwa huru."

Mama yake alikuwa benchi la nyuma, kajifunga khanga kiunoni. Akapiga kigelegele mlemle ndani na hakuna aliyemkemea. Akatoa simu, akapiga nyumbani: chinjeni jogoo, mtoto anarudi. Hatua chache nje ya mlango askari wawili wakamshika mwanawe. Tuhuma zilezile, kesi mpya. Mama hakuwafuata askari, alinifuata mimi. "Mwanangu, si ulisema huru?"

Sikuwa na jibu. Kuachiwa huru ni acquittal: kesi imekwisha, hashtakiwi tena kwa kosa lile. Discharge ya kifungu kile ilimtoa kizimbani tu, na sheria yenyewe ilisema waziwazi kwamba haizuii kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Nilikisoma kifungu hicho usiku ule, mara tatu. Hakimu hakutamka "huru". Nililiongeza mimi, kwa sababu niliona uso wa yule mama nikataka kumpa habari njema, na kwa sababu kamusi iliniruhusu. Nilimwona tena siku kesi mpya ilipotajwa. Alikaa benchi lilelile, na kila nilipofungua mdomo alimtazama karani, hakunitazama mimi.

Tangu siku ile nasema: "Mashtaka yameondolewa na unaachiwa, lakini unaweza kushtakiwa tena kwa jambo hilihilo." Wakili mmoja aliwahi kulalamika kwamba narefusha. Sijafupisha.

4. Wekeni faharasa, yaani orodha ya istilahi na tafsiri zake, ya kila mteja. Msiyemwelewa, mpigieni simu kabla ya kukabidhi kazi.

Rasimu zote tatu nimezirudisha na alama nyekundu. Wewe wa "ruhusa yenye harufu", njoo kesho asubuhi na kipeperushi chote cha Kiingereza. Neno hilo limo mara saba, na katika sehemu mbili linamhusu mtoto: kitovu na macho. Hizo tutazifanya pamoja.