Mtoto wa Kiislamu kwenye shule ya masista Dodoma: jibu la aliyesoma huko

Mleta uzi, salaam. Umesema umehamishiwa Dodoma kikazi, ofisi iko Mtumba, umepanga Ihumwa, na shule ya karibu iliyokubali kukupa nafasi ni shule ndogo ya msingi ya Kikatoliki, watoto hawafiki mia tatu, na unauliza kama elimu ya shule ya namna hiyo inafaa. Wewe ni Mwislamu, binti yako anaingia darasa la pili, na mama yako amepiga simu kutoka Tanga akasema ukimpeleka huko mjukuu wake atarudi na msalaba shingoni. Nimesoma majibu yote ya juu. Wengi waliojibu hawajawahi kukaa hata siku moja kwenye darasa la shule kama hiyo wakiwa Waislamu. Mimi nimekaa miaka saba.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu kwa baba na kwa mama. Nilianza darasa la kwanza kwa masista mwaka 1999, nikamaliza la saba 2005, muda wote nikiwa bweni. Shule ilikuwa kando ya barabara ya Dodoma kwenda Kondoa, enzi zile lami haijafika, basi likipita vumbi linatua mpaka juu ya madaftari. Jina la shule naliacha, maana nitasema yaliyonijenga na yaliyoniumiza.

Hofu ya mama yako naielewa kwa sababu bibi yangu alikuwa nayo hiyohiyo. Kwake shule ya misheni ni mahali mtu anaingia Saidi anatoka Simoni. Wala hakuwa anazusha. Enzi za mkoloni kusoma na kubatizwa mara nyingi vilikwenda pamoja, na ndiyo maana wazee wengi wa Kiislamu wa kwetu walibaki nje ya darasa. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilipotunga Sheria ya Elimu ya 1969 na kuchukua shule za mashirika ya dini, sababu mojawapo ilikuwa hiyo: mtoto wa dini yoyote aingie shule yoyote. Hizi za masista tunazoziona leo ni kizazi kingine, nyingi zimeota kuanzia miaka ya 1990 serikali ilipolegeza masharti ya shule za binafsi. Baba alimsikiliza bibi, akanyamaza siku mbili, kisha akanipeleka. Alimwambia neno moja tu: dini ya mtoto inalindwa nyumbani.

Wiki ya kwanza niliona watoto wenzangu wanamwamkia Sista Mkuu "Tumsifu Yesu Kristo" na yeye anaitikia "Milele, amina." Nikaiga. Akanishika mkono, akaniuliza jina langu tena, akasema, "Wewe mwanangu niamkie shikamoo, inatosha." Nilikuwa na miaka saba, sikuelewa uzito wake. Nilikuja kuelewa ukubwani, kwamba yule mama angeweza kuacha tu, na asingelaumiwa na mtu.

Sala mstarini asubuhi zilikuwepo, na sala ya Malaika wa Bwana saa sita mchana kengele ikigongwa (kengele yenyewe ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mkwaju). Sisi Waislamu, tulikuwa tisa shule nzima, tulisimama kimya mikono chini. Siku ya misa tulikaa maktaba. Nyimbo za kwaya nilizijua zote, nisikudanganye. Wagogo wakipiga ngoma za muheme kanisani huwezi kuziba masikio, na mpaka leo nikizisikia nakumbuka jua la Jumapili na harufu ya sabuni ya mche kwenye sare. Kujua wimbo hakukunibadilisha dini. Likizo ya Juni na ya Desemba nilikuwa madrasa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, baba hakuruhusu nikose hata siku moja. Katiba yetu, Ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini, lakini mtoto wa miaka saba hatembei na Katiba. Anatembea na kile mzazi alichokiongea na mwalimu siku ya kuandikishwa. Kaongee mapema, uso kwa uso.

Chakula nakiongelea kidogo maana ndicho kinachowatisha wengi. Masista walifuga nguruwe, nyuma kabisa ya shamba la zabibu. Nyama ile haikuingia jiko la wanafunzi. Na siku ya somo wa shule, yaani mtakatifu ambaye shule imepewa jina lake, ambapo tulichinjiwa mbuzi, aliitwa mzee mmoja kutoka msikiti wa kijijini aje achinje yeye, watoto wote wale sufuria moja. Hakuna aliyetangaza jambo hilo. Mzee alikuja na kisu chake, akachinja, akapewa chai, akaondoka.

Ramadhani ya 2004 iliangukia katikati ya Oktoba. Wanaoijua Dodoma wanajua Oktoba ni nini: miti imekauka, mvua bado, upepo unakuchapa mchanga usoni. Nilikuwa darasa la sita na niliamua kufunga mwezi mzima. Saa kumi alfajiri sista wa jikoni, mtu mzima wa kimo kifupi, alikuja dirishani kwetu na taa ya chemli, anagonga kioo kwa kucha, mara mbili, asiamshe wengine. Daku ilikuwa kiporo cha ugali na maziwa mgando. Jioni ilikuwa kazi zaidi, kwa sababu Oktoba kwa Wakatoliki ni mwezi wa Rozari, na wenzetu walianza kusali karibu na saa ya magharibi. Sisi wanne tuliofunga tulikaa kwenye ngazi ya stoo na kikombe cha uji wa uwele uliotiwa ukwaju, huku tunasikia Salamu Maria zinapanda na kushuka kanisani. Sista alikaa na sisi mpaka tulipokunywa wote, ndipo akachukua rozari yake mfukoni akaenda kuwafuata wenzake wakiwa fungu la tatu. Kila siku alichelewa. Mwezi mzima.

Sasa masomo, maana ulikuja kuuliza elimu na watu wakakujibu dini.

Faida kubwa ya shule ndogo ni kwamba mtoto hana pa kujificha. Darasa letu la pili tulikuwa 28. Nilikuwa sijui kutoa kwa kukopa, na nilikuwa fundi wa kunakili kwa jirani bila kugeuza shingo. Kwenye darasa la watoto 90 ningefika la saba hivyohivyo. Sista wa hisabati alinigundua kwa sababu nilinakili na kosa la jirani. Hakunichapa. Baada ya vipindi aliniita barazani, akamwaga chini mabua ya mtama aliyoyakata urefu wa kidole na kuyafunga kumi kumi kwa uzi wa katani. Akaniwekea mafungu manne na mabua mawili. "Hii ni ngapi?" Arobaini na mbili. "Nipe kumi na saba." Nikampa fungu moja, nikabaki nayatazama yale mabua mawili, yeye anataka saba. Nikakaa. Akakaa. Kuku wakapita. Mwisho nikachukua fungu moja la kumi, nikafungua uzi kwa meno, mabua yakamwagika, nikamhesabia saba. Akauliza umebakiwa na nini? Mafungu mawili na mabua matano. Akanipa chaki niandike sakafuni kile nilichofanya kwa mikono. Ilituchukua kama nusu saa, na sijawahi kusahau hesabu ile. Leo ni mhasibu, na nikiona mtu anamfundisha mtoto "kopa moja kwa jirani" bila kumwonyesha kwamba ile moja ni kumi, mkono unaniwasha.

Madaftari yalisahihishwa kila siku. Kila siku, ndugu yangu. Kalamu nyekundu, na palipo na kosa unarudia chini yake. Sista hakuwa na miujiza, alikuwa na madaftari 28.

Maisha ya kawaida nayapita haraka. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi kama maeneo mengi ya mkoa huu, sabuni haitoi povu, ukiosha nywele zinakuwa kama katani. Asubuhi kabla ya mstari kila mtoto alinawa uso kwenye kibuyu chirizi, na kiranja alikagua macho, kwa sababu ya trakoma, ugonjwa ambao Wagogo na majirani zao wamepofuka nao vizazi na vizazi, hasa upande wa Kongwa. Tulifagia, tulimwagilia mchicha, tulichuma zabibu na tulikula zaidi ya tulizochuma. Mlenda nilijifunza kuula huko, na marafiki wa Kigogo walinifundisha kuitikia "mbukwenyi", salamu ya kwao, kabla sijajua kusema sentensi moja ya Kiingereza.

Hapo kwenye Kiingereza ndipo paliponiuma. Shule ilifundisha kwa Kiingereza, na mwalimu mmoja wa zamu, si sista, alileta kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili au lugha ya kwenu unavalishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwingine, na anayelala nacho ndiye anayesugua masufuria kesho yake. Darasa la tatu nilikuwa sina Kiingereza cha kutosha kuomba hata maji. Basi nikaacha kuongea. Si kupunguza, kuacha. Muhula mzima. Mama alipokuja siku ya wazazi alinikuta nimekaa pembeni, akaniuliza kwa Kirangi kama ninaumwa, nikamziba mdomo kwa kiganja nikiangalia nyuma kama kuna mtu anasikia. Mama yangu hakusoma, lakini alikwenda moja kwa moja ofisini. Kibao kiliondolewa mwaka uliofuata, sijui kama ni kwa ajili yake. Ninachojua ni kwamba kwenye shule ndogo mwalimu mmoja mbaya ni sehemu kubwa ya shule. Huna darasa B la kuhamia. Yuleyule atakufundisha, atakuwa zamu, atakula nawe. Mtoto anajulikana na kila mtu, na hilo linapogeuka linakuwa zito sana begani kwa mtoto.

Nilipofika sekondari ya serikali Kiingereza changu kilinibeba, lakini sikujua kunyoosha mkono katikati ya wanafunzi wengi nikagombania kusikika. Nilizoea mwalimu anayejua nimelala vipi. Ilinichukua mwaka kuzoea, na ni jambo la kumwandaa mtoto mapema.

Kwa upande wako sasa. Kwanza, ondoa wazo la bweni ulilolitaja mwishoni mwa uzi. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka unaozuia bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, na binti yako ni wa darasa la pili. Kwa niliyoyaishi naunga mkono waraka ule kwa moyo wote. Mimi nililia usiku wa miezi mitatu, nikiuma shuka nisisikike. Mtoto wa miaka saba au minane alale kwao.

Pili, usiende kuiona shule Jumamosi wala siku ya mahafali. Nenda siku ya kazi, saa nne, wakati wa uji. Angalia watoto wakimwona Sista Mkuu wanamkimbilia au wanamkimbia. Omba daftari moja la hisabati la darasa la pili, lolote, si la mtoto wa kwanza, uone kalamu nyekundu ilipita lini mara ya mwisho. Ingia chooni. Uliza walimu wa madarasa ya chini wana muda gani pale, maana shule ndogo ikibadilisha walimu kila muhula ule udogo wake hauna faida tena. Uliza wanafanya nini mtoto akiongea Kiswahili uwanjani, na msikilize anayejibu anajibu vipi. Mwombe mhasibu wa shule akuandikie michango yote mbali na ada, kwa awamu.

Tatu, suala la dini liulize waziwazi mbele ya Sista Mkuu: wakati wa misa atakuwa wapi, kipindi cha dini atakuwa na nani, Ijumaa ikoje, Ramadhani ikoje. Asiyekuwa na jibu hajawahi kulifikiria. Mwenye jibu atakwambia hata jina la mtoto wa mwisho wa Kiislamu aliyepita pale.

Binti yangu mwenyewe yuko darasa la tatu kwenye shule ya parokia upande wa Miyuji, anakwenda asubuhi na kurudi jioni. Jioni baada ya magharibi anakaa na ustadhi sebuleni kwetu, siku nne kwa wiki. Bibi yangu hakuwahi kumwona. Mama yangu ndiye anayekuja kila likizo, na kitu cha kwanza anachomuuliza mjukuu wake, kwa Kirangi, ni kama kule shuleni anaruhusiwa kuongea. Ukitaka kuja kuiona shule hiyo kabla hujaamua, niandikie pembeni, nitakupeleka mwenyewe.